Oxford English Dictionary ya mtandaoni: uzoefu wangu na Kiingereza cha kale

Niseme mapema: kama unachotaka ni kuandika barua ya kazi kwa Kiingereza safi, usitoe hela yako kwa ajili ya OED (Oxford English Dictionary). Kamusi ya bure ya kwenye simu inakutosha. Mimi natafsiri maandishi ya dini ya karne ya 17, na kwa kazi hiyo sijaona kamusi ya kuishindanisha nayo.

Chukua sala ya Waanglikana katika kitabu chao cha 1662, inayoanza "Prevent us, O Lord, in all our doings". Kamusi niliyokuwa nikitumia zamani, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa na maana mbili tu: zuia, kinga. Yaani waumini wanamwomba Mungu awazuie katika kila wanalotenda! OED kwa kawaida hupanga maana kwa umri, za kale kwanza, na kila maana ina nukuu zenye miaka yake. Ukifungua "prevent" unakutana na Kilatini chake: prae, mbele, venire, kuja. Kumbe wanaomba Bwana awatangulie. Ukizidi kushuka unaona neno lilivyotembea: anayetangulia huwahi, anayeliwahi jambo huweza kuliziba, mwisho ikabaki kuzuia peke yake.

Biblia ya King James ya 1611 inalo neno hilohilo katika 1 Wathesalonike 4:15. Aliyelelewa na Biblia ya Kiswahili ya Union Version hashangai, maana pale pameandikwa "hatutawatangulia". Ndivyo ilivyo kwa "conversation" ya Wafilipi 1:27: leo ni mazungumzo, wakati ule ilikuwa namna mtu anavyoishi, na Biblia yetu imeweka "mwenendo". Siku hizi naanza na Biblia ya Kiswahili, kisha OED inanipa ushahidi wa kumwekea mhariri mezani.

Ushahidi huo ndio hasa unaoulipia. Wazo la kamusi lilitolewa na Philological Society ya London, chama cha wanazuoni wa lugha, mwaka 1857, James Murray akashika uhariri 1879, na wasomaji wa kujitolea wakawa wanamtumia vikaratasi vya nukuu walizozitoa vitabuni. Toleo la kwanza lilikamilika 1928, Murray akiwa ameshafariki. Mtandaoni iliingia mwaka 2000.

Inapopungukiwa ni kwa washairi. Katika shairi lake refu Paradise Lost la 1667, Milton anasema mito ya Edeni inapita kwa "mazy error". Kamusi itakwambia, na ni kweli, kwamba error inatokana na errare, kutangatanga. Basi mto unapindapinda tu, dhambi haijaingia bado. Lakini Milton alijua fika kwamba msomaji wake atasikia kosa pia. Je, utaandika "kupindapinda" au "kupotoka"? Hapo uko peke yako na kalamu yako. Kwa "horrid" nilipata nafuu zaidi. Kilatini horrere ni kusimama wima kama nywele zilizosisimka, na Milton analitumia kwa safu ya mbele ya jeshi la Shetani. Ukiandika "safu ya kutisha" umepoteza nusu ya picha. Mikuki imesimama kama miiba ya nungunungu, na hofu inatokana na hiyo miiba.

Sasa gharama. Ni ya kujiandikisha kwa malipo, na kwa mfasiri wa kujitegemea si bei ya kuchezea. Mimi naingia kupitia maktaba ya chuo. Walioko Uingereza waulize maktaba ya umma ya mtaani kwao, kwani nyingi huwaruhusu wanachama kuingia bure kwa namba ya kadi. Kingine, angalia tarehe ya ingizo: marekebisho ya kamusi nzima bado yanaendelea, na baadhi ya maingizo yana maelezo ya miongo mingi iliyopita. Nukuu nazo ni nyingi mno. Kwenye skrini ya simu utachoka kusogeza, tafuta kompyuta.

Asiyeweza kulipa aanze na kamusi ya Samuel Johnson ya 1755, ambayo inasomeka bure mtandaoni. Ina maneno zaidi ya 42,000, na Johnson, aliyekimudu Kilatini barabara, mara nyingi huanza na maana iliyo karibu na asili ya neno. Kwa Biblia na sala inatosha sana. Kwa Milton, omba kadi ya maktaba.