Spika mkweche ya inchi 15 na ampu ya wati 5, raha yangu ilivyofia mezani kwa fundi

Wakuu, naandika hii hasira haijaisha kwahiyo nikipayuka mnisamehe.

Mi napiga gitaa, nyumbani sanasana na kanisani siku mojamoja. Ampu yangu ni Epiphone Valve Junior, kale kakichwa kadogo ka valvu, yani ampu tupu isiyo na spika ndani, wati 5 basi. Nimeshachekwa sana na hizo wati 5. Sasa miezi kadhaa nyuma nikiwa Morogoro nikamkuta mzee mmoja anauza vyombo vya bendi vilivyobaki stoo, kuna boksi la mbao panya wamelifanya geto, ndani spika moja ya inchi 15, sumaku inakuvunja mgongo ila koni yenyewe, ile sehemu inayotikisika kutoa sauti, karatasi nyepesi kama ganda la kitunguu, lebo imefutika kimebaki kiandiko cha omu 16 tu, kile kipimo cha ukinzani wa umeme kinachotakiwa kiendane na tundu la ampu. Tukapatana 80,000. Kwenye basi konda ananiuliza nimebeba mashine ya kusaga.

Asee, siku nachomeka nilidhani kuna mtu kaniongezea wati kimyakimya. Robo tu ya sauti, mama mwenye nyumba huyo mlangoni, "Mwanangu, kwaya imehamia humu?" Na sio kelele za kupasua masikio, ni ule mlio wa gitaa la dansi, besi ya mviringo, juu kuna kaukali fulani katamu. Ndo nikaelewa watu wanavyohangaikia maspika ya kale, kina Jensen na JBL D130. Enzi hizo ampu zilikuwa dhaifu, ikabidi spika ndo ijitume. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, mara kumi ndo desibeli 10, kwahiyo spika inayotoa desibeli 100 kwa wati moja, ukiipa wati 5 inapiga sawa na spika ya desibeli 90 iliyopewa wati 50. Wati 50 wakuu! Bure kabisa, kwa karatasi na sumaku.

Shida ilikuwa moja, nyuzi nene zikipigwa kuna kukwaruza kidogo. Kidogo sana, mwingine asingesikia. Kiherehere changu nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini nilieelekezwa kwamba huyo spika ndo maisha yake. Nikamwambia fundi, kukwaruza tu, usiguse kingine. Akasema poa dogo, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa wiki ijayo nyingine, mnajua wenyewe.

Nafika naikuta mezani, koni nyeusi ngumu kama sufuria, pembeni raba nene ya sabufa. Nikahisi miguu imeisha nguvu. Nikamuuliza fundi hii nini? "Nimekuvisha ya kisasa, hii inakula wati 600." Fundi, ampu yangu ni wati 5. "Wati tano! Hiyo ampu au chaja ya simu?" Basi kibanda kizima wakacheka, mpaka yule wa juisi nje. Hela yake 60,000 anaitaka palepale. Halafu naangalia chini ya meza naiona koni yangu, ile ya karatasi, kaigeuza bakuli la skrubu! Haijachanika hata kidogo. Na nikalipa, mjinga mimi, kwa ajili ya aibu tu.

Nyumbani nikapima na mita. Kabla ilikuwa inasoma omu 13 hivi, ndo kawaida ya spika ya omu 16 ukiipima na mita, sahivi inasoma 3 na kitu. Maana yake kaweka na koili, ule waya wa ndani unaosukuma koni, ya omu 4 na hajasema! Ningechomeka tundu lilelile la 16 kama nilivyozoea ningeitesa valvu na transfoma ya ampu. Bahati ile ampu ina tundu la 4 nyuma, nikahamia hapo. Sauti? Redio ya mlinzi inaizidi. Nimefungua mpaka mwisho mama mwenye nyumba hata hajakohoa.

Nilitaka kuandika msinunue kabisa spika mkweche, ni hasara. Lakini spika ina kosa gani? Ilinipa raha tupu. Nikasema basi kosa la fundi, na ni lake kweli, ile dharau siisahau. Ila juzi jamaa mmoja anaepiga besi kaniambia spika ya zamani ikikwaruza koni huwa imelala upande mmoja kwa kukaa miaka, unafungua skrubu nane, unaizungusha juu iwe chini, unafunga. Mara nyingi inaisha hapohapo. Bisibisi tu! Nilikuwa nayo kwenye droo!

Mzee wa Morogoro nimempigia, anasema ile ilikuwa na pacha wake, bado yuko stoo. Jumamosi napanda basi, na safari hii nabeba bisibisi yangu.