Nimetozwa malazi ya mbwa wangu aliyeibiwa

Risiti ninayo hapa mezani. Ni ya kile kitabu cha dukani cha kunakilisha kwa kaboni, imegongwa muhuri wa wino wa zambarau uliojaa mno hadi jina la biashara halisomeki, na labda ndivyo walivyotaka. Mstari wa kwanza, fomu. Wa pili, mafuta ya bodaboda. Wa tatu, vocha. Wa nne, kwa mwandiko mzuri kabisa, wa kupendeza hata: "Malazi na chakula, 40,000."

Malazi! Ya mbwa wangu! Nimlipe mtu aliyeniibia!

Haya, nijirekebishe kabla bosi hajasoma hapa. Kazi yangu ni kuchapa nyaraka kwenye ofisi ya wakili, najua kushuku ni kitu kimoja na kuthibitisha ni kingine. Basi tuseme nimemlipa mtu ambaye mbwa wangu alikutwa kwake. Mtakaosoma mtajaza wenyewe.

Dodoma hii, tangu serikali ihamie, kila huduma ipo, mpaka watafuta mbwa. Matangazo yao yamebandikwa kwenye nguzo za umeme na yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa: umepotelewa na mbwa, paka, kasuku, tunampata, malipo baada ya kazi. Hilo la malipo baada ya kazi lisahau. Sijakaa vizuri kwenye benchi nilishaambiwa fomu ni 50,000.

Bosko ni dume, chotara wa jemani shepadi. Aliondoka nyumbani Ilazo jioni moja kipindi cha ule upepo wetu wa vumbi, geti limefungwa na kufuli lipo. Jirani aliona kijana akipita nje ya ukuta na jike kwenye kamba, akapita tena, akapita tena. Anayefuga ameshaelewa. Jike akiwa kwenye joto, dume anaruka ukuta mwenyewe, mwizi hana haja ya kuvunja kitu wala kutupa nyama ya dawa. Na hawa hawagusi koko. Wanataka mbwa mwenye umbo, kwa sababu nyumba zinaota kila siku huko Iyumbu, Nala, Nzuguni, na mwenye geti jipya anataka kinachobweka nyuma yake, tena leo, hana muda wa kulea kitoto miezi yote hiyo.

Polisi nilikwenda. Askari wa kaunta alikuwa mpole, akanipa RB, akauliza thamani ya mali na kama nina risiti ya kumnunulia. Sikuwa nayo, nilikuwa na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, imebandikwa na namba ya chipu. Akaigeuza geuza. Akasema, "Mama, hapa tuna kesi za pikipiki hazijaisha." Sikumlaumu. Nilimlaumu kidogo.

Ndipo nikaenda kwa hawa. Mapokezi kuna kijana, simu mkononi, anatazama mpira. Salamu hakuna. Akauliza bila kuinua macho kama mbwa ana chipu. Nikasema anayo. "Basi hiyo kazi imeisha, tunamsaka kwa setilaiti. Kuunganisha ni 30,000."

Jamani. Ile chipu ni kitu kidogo kama punje ya mchele, inachomwa chini ya ngozi ya shingo. Haina betri. Haina laini. Haijui kama iko Dodoma au Bahi. Ndani yake kuna namba ya tarakimu 15 tu, na namba hiyo haitoki mpaka mtu apitishe mashine ya kusomea juu ya shingo la mbwa, kwa ukaribu wa vidole. Yaani lazima mbwa umshike kwanza. Kinachofuatiliwa kwa setilaiti ni mkanda wa GPS, ambao unachajiwa na una laini yake ya simu, na mwizi yeyote anaufungua sekunde hiyo hiyo. Nikamweleza yote hayo kwa upole, nikamwita mwanangu kabisa.

Akanijibu, "We mama mjuaji sana. Si ukamtafute mwenyewe?" Akarudi kwenye mpira wake.

Nimetukanwa kwenye foleni za mafuta, nimetukanwa Jamatini na makonda, lakini hili liliniingia. Mtu umetoka kulia usiku kucha, unaambiwa mjuaji. Ningekuwa naandika siku ile, nyota ingekuwa sifuri na ningetaja mtaa.

Kilichonizuia kuondoka ni mkubwa wao, mzee wa Kigogo, alitoka chumba cha nyuma akanisalimia kwa lugha yake, "Mbukwenyi," akamfukuza kijana kwenye kiti akanipa mimi. Na huyu mzee, lazima niseme ukweli, kazi anaijua. Aliuliza mambo ambayo hata mimi sijawahi kuyawaza. Bosko anaitikia jina au mluzi? Anaogopa nini, radi, baiskeli, watoto? Akiwa na watu wageni anakula au anasusa? Analala upande gani wa nyumba, wa upepo au wa ukuta? Akaomba kitambaa anacholalia, akakinusa yeye mwenyewe, akakikunja akakiweka mfukoni. Akasema kesho yake ataanzia mnada wa Msalato kwa wachoma nyama, maana hao wanamjua kila mbwa anayekuja kuokota mifupa, na wanamjua pia kila mtu anayekuja kuuza mbwa. Pale roho yangu ilitulia. Nyota tatu, nikajisemea, labda nne.

Halafu akanisomea tangazo la kusambaza. "Zawadi nono, hatutauliza maswali."

Nikasema hapana, hilo la maswali litoke. Nimechapa kesi nyingi mno. Uingereza kutangaza zawadi ya mali ya wizi na kuahidi kutouliza maswali ni kosa tangu sheria yao ya wizi ya 1968, na mwaka 2024 wakatunga nyingine ya kuiba mbwa na paka peke yake, England na Ireland Kaskazini, hadi miaka 5 jela. Na Marekani si mnakumbuka mbwa wa Lady Gaga? Waliporwa Los Angeles mwaka 2021, aliyekuwa akiwatembeza akapigwa risasi, ikaahidiwa zawadi ya dola 500,000 bila maswali. Mwanamke aliyewapeleka polisi akaja kutiwa hatiani kwa kupokea mali ya wizi, na bado akafungua kesi kudai zawadi yake! Mahakama ikamkatalia. Ndiyo mambo ya bila maswali hayo.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, ukiuliza maswali mbwa analala Singida leo. Unataka mwizi au unataka mbwa?"

"Nawataka wote wawili."

"Wote wawili, hiyo huduma hatuna."

Nikasaini.

Na mbwa akaja. Siku si nyingi, asubuhi, kwenye Bajaji, kafungwa kamba ya katani. Nilipiga magoti barabarani na gauni la kazini. Halafu nikamtazama vizuri. Amenenepa! Mbwa aliyeibiwa, aliyepitia mateso, anang'aa manyoya, kucha zimekatwa. Nani anakata kucha za mbwa wa watu? Anayejiandaa kumuuza, au anayempenda, na mimi sijui lipi linanikera zaidi.

Hapo ndipo ile risiti ikatoka. Kijana wa mpira ndiye aliyeileta.

"Malazi haya ni ya nini?"

"Mama, mbwa alikuwa anakula. Ulitaka afe njaa?"

"Alikuwa anakula kwa nani?"

"Kwa msamaria."

"Msamaria gani anatoza kitanda?"

Akacheka. Nikamwambia kuna Kanuni ya Adhabu, kuna kifungu cha 311, kupokea mali ya wizi, namtaka huyo msamaria kwa jina lake. Akanionyesha fomu, kwa kidole, mahali nilipoweka sahihi. Hatutauliza maswali. Na zawadi juu yake, 150,000, ambayo ni kitu kingine mbali na malazi.

Nililipa kwa simu nikiwa natetemeka. Jina lililotokea kabla ya kuweka namba ya siri si la mzee, si la kijana, wala si la biashara. Ni la mwanamke. Nimelipiga picha, siliweki hapa, limekaa.

Sasa mnataka nyota ngapi? Nilianza na moja. Lakini polisi hawakumpata, mimi sikumpata, majirani na tochi zao hawakumpata, na huyu mzee alimpata. Na kama alijua tangu siku ya kwanza alipo? Basi kwa nini alinusa kile kitambaa, alikuwa anamwigizia nani? Kuna usiku naamini ni mtu safi anayefanya kazi chafu kwa sababu hakuna njia nyingine. Asubuhi nikiiona risiti naamini ni kampuni moja, tawi la kuiba na tawi la kutafuta. Mwenzangu wa Kisasa amepotelewa na wake juzi, akaniomba namba yao. Nimempa. Nimemwambia amwongeleshe mzee tu, na kwenye fomu akate malazi kwa kalamu kabla ya kusaini.

Tatu. Hapana, mbili. Na wewe kijana wa mapokezi, najua unasoma hapa: Bosko aliondoka na mkanda wa ngozi mwekundu, wenye kibati cha jina. Alirudi na katani. Nimeutafuta mkanda kwenye risiti yenu mstari kwa mstari na haumo. Uletwe.