Nilikwenda Beho Beho kutafuta mahandaki ya Wajerumani

Tangazo la WhatsApp la kampuni ya utalii lilikuwa na picha ya handaki la zege, mlango wa chuma, popo wananing'inia darini. "Mahandaki ya Wajerumani, Hifadhi ya Nyerere, siku mbili, 380,000 kwa kichwa." Nikalipa siku ileile. Niseme mapema usije ukanuna kama nilivyonuna mimi: zege hakuna, mlango hakuna, na popo sikumwona. Ile picha wanajua wenyewe waliitoa wapi.

Tulikuwa sita kwenye Land Cruiser. Tuliambiwa tukutane Mbagala saa kumi na moja alfajiri. Tukaondoka saa moja kasoro, eti mtu wa chakula hajafika. Mpaka Kibiti ni lami, unasinzia. Ukiiacha lami kuelekea Mloka, usingizi kwisha: vumbi, mashimo, na AC inayopuliza joto. Lile pilau tulilosubiri lilikuwa limelala. Usiku tulilala Mloka, nje ya geti la Mtemere, hema safi, chandarua hakina tundu. Hapo siwadai.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Kutoka getini mpaka Beho Beho, ndani ya hifadhi, kwenye hayo mahandaki, ni mwendo, tena wa kurushwarushwa, ingawa twiga wa kule Nzerakera walitusahaulisha kidogo. Mimi nilivaa suruali ya bluu. Hakuna aliyeniambia kwamba mbung'o wanaipenda bluu na nyeusi. Nililijua hilo mapajani.

Kushuka garini huruhusiwi hivi hivi. Askari wa hifadhi alitangulia na bunduki yake, akasimama kwenye majani, akasikiliza, ndipo akatuita kwa mkono. Akaonyesha kwa ncha ya buti: "Hili hapa."

Mfereji. Haukufika gotini, umejaa majani makavu na mavi ya tembo. Dada mmoja wa kundi letu akashindwa kujizuia: "Kaka, mtaro wa kwetu Jangwani una kina kuliko huu!"

Angekuwa mwongozaji mwingine, ningedai hela yangu palepale. Lakini yule kijana, Mndengereko wa Rufiji, hakubishana naye. Alituambia tuchuchumae humo ndani. Tukachuchumaa, watu wazima sita, magoti yanalia. Kumbe ukiwa chini mteremko wote wa mbele uko machoni pako, na anayepanda hakuoni. Hapo ndipo akaanza kusimulia, taratibu, bila karatasi. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza: Waingereza walishaiteka Dar es Salaam Septemba 1916, wakawa wanawasukuma Wajerumani kuelekea mto Rufiji. Tarehe 4 Januari 1917 mdunguaji akampiga Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyekuwa na miaka 65 na bado yuko mstari wa mbele. Kaburi lake lipo hukohuko, jiwe na bamba la shaba. Pori lote lilikuja kuitwa kwa jina lake, hadi 2019 sehemu yake kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Mimi ni mtoto wa Kariakoo. Jina la mtaa wetu limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita hiyohiyo, watu waliobeba risasi na unga vichwani wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na malaria. Nikamuuliza askari, wapagazi wamezikwa wapi? Akaangalia porini. "Popote, dada."

Tulinyamaza kidogo. Kisha kijana akaturudisha nyuma, kwa Kinjeketile wa Ngarambe, upande wa mashariki wa pori hili. Mwaka 1904, husimuliwa, alizama bwawani. Ndugu wakamtafuta wakamkosa, na kesho yake akatoka na nguo kavu, amekuja na habari za mzimu Hongo. Ndiyo asili ya ile dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Wajerumani walimnyonga kule Mohoro, Agosti 1905, na Majimaji ikaendelea bila yeye. Nimeifundishwa shuleni, nikaifanyia mtihani, nikaisahau. Kuisikia nimechuchumaa ndani ya handaki, bunduki ya askari iko usawa wa sikio langu, ni habari nyingine kabisa.

Kampuni nawapa nyota mbili, na waifute ile picha. Kijana nampa tano. Ukienda, omba mwongozaji mzaliwa wa Rufiji, beba chakula chako, vaa kaki, na usiende masika maana barabara zile hazipitiki.

Wakati wa kuagana pale Mbagala nilimuuliza kama bwawa la Ngarambe nalo limo kwenye ratiba zao. Akacheka. "Ofisini hawaliuzi, dada. Ila mjomba wangu anakaa kule." Namba yake nimeichukua.