Mchele upi ununue kwa chakula cha jioni: mpangilio wangu, wa kila siku mpaka chenga

Wageni walikuwa wanne, na pilau ilikuwa imenukia mpaka kwa jirani. Nyama imeiva, viazi vimekaa vizima, bizari haikuzidi. Nilipofunua sufuria nikakuta kitu kama ugali wenye iliki. Pishi lenyewe nilifundishwa na wifi yangu na nililifuata hatua kwa hatua, ila kuna swali moja sikumuuliza: yeye anapikia mchele gani? Mimi nilinunua ule wenye harufu kuliko yote pale gengeni, mpya, umetoka kukobolewa, nikautilia maji yale yale ambayo wifi anautilia mchele wake uliokaa ndani tangu mwaka jana.

Mapishi mengi mapya yanayotushinda nyumbani yanaharibikia hapo, wala si kwenye viungo. Siku hizi nikitaka kujaribu kitu kwa chakula cha jioni, naamua kwanza sufuria ile inataka wali wa namna gani, ndipo nachukua kikapu.

Jina la kwenye kibao

Pita Tandale, Dar es Salaam, uone mirundo ilivyopangwa: Kyela, Mbeya, Kahama, Ifakara, kila mmoja na kikaratasi chake. "Dada, huu ni Kyela wenyewe, nusa." Unanusa, kweli unanukia. Lakini Kyela ni wilaya moja tu, bonde lililo kando ya Ziwa Nyasa kwenye ncha yake ya kaskazini, na kila genge la mjini lina "Kyela" mwaka mzima. Hesabu hiyo fanya mwenyewe.

Kinachokusaidia zaidi ya jina la wilaya ni mbegu na umri. Supa ni mbegu ya zamani, mmea mrefu, punje ndefu, harufu nzuri. Saro 5, ambayo wataalamu wanaiandika TXD 306, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2002. Inazaa sana kuliko Supa, nayo ina harufu, ila si ile ya kumtoa mtu sebuleni. Zote mbili zinaweza kuuzwa kwako kama "mchele wa Mbeya" na bei ikawa moja. Kwa hiyo muulize muuzaji: ni Supa au ni Saro? Asiyejua atakwambia vyote vimo. Anayejua ataanza kukueleza vizuri, na huyo ndiye wa kumrudia.

Umri nao ni hivi. Mchele mpya una harufu lakini unashikana, na maji yakizidi kidogo tu unabonda. Ukikaa miezi kadhaa unakauka, unakunywa maji mengi zaidi, punje zinaachana, na harufu nayo inapungua. Mbeya wanavuna kati ya Mei na Julai, ndiyo maana kuanzia Juni mchele mpya unajaa mjini na bei inalegea. Mimi hununua gunia wakati huo, wa kupikia pilau nauacha mpaka Oktoba. Kwa sufuria yangu, kikombe cha mchele mpya kinataka maji kikombe kimoja na nusu. Wa zamani unakaribia vikombe viwili. Pale nilipoharibu pilau, tofauti ilikuwa ni hiyo nusu kikombe.

Kabla hujalipa

Chota konzi moja, ipulizie pumzi ya moto mara mbili, ndipo unuse. Mchele ulio baridi kwenye rundo haukwambii kitu. Tia punje mbili kwenye meno: zikivunjika kwa mlio, mchele ni mkavu, zikibonyea, bado una unyevu, na ukiufungia kwenye ndoo utaota ukungu. Kisha zitandaze kiganjani uziangalie kwenye mwanga. Punje nzuri zinapitisha mwanga kidogo, kama kioo chenye mvuke. Zenye tumbo jeupe kama chaki zitakatika wakati wa kuiva. Ukiona punje fupi za mviringo zimelala pamoja na ndefu nyembamba, umechanganywa huo, na mchele uliochanganywa hauivi pamoja: nusu ya sinia ina kiini, nusu imepasuka.

Halafu nunua nusu kilo. Usinunue kumi siku ya kwanza hata akuape. Muuzaji atanuna, mwache anune. Nenda kapike kikombe kimoja kwa maji na chumvi tu, bila mafuta, bila nazi, uonje ukiwa wa moto na uonje tena ukiwa umepoa. Wali mzuri ukipoa haugeuki changarawe.

Kwa hesabu ya ununuzi: watu wazima watano mezani wanamaliza kama nusu kilo ya mchele kwa mlo, labda na zaidi kidogo kama kuna vijana. Mkila wali mara nne kwa wiki, gunia la kilo 25 linawafikisha wiki kumi na mbili hivi.

Wa kwanza: Supa ya Mbeya, daraja la kwanza

Kama nyumba yako inaweka mchele mmoja tu, weka huu. Mwingi unatoka bonde la Usangu, upande wa Mbarali. Naupa nafasi ya kwanza kwa sababu unasamehe. Ukisahau sufuria dakika tatu, bado ni wali. Unakubali nazi, unakubali pilau ya siku ya kazi, na ukipikwa mweupe kwa maharage hakuna anayelalamika.

Pishi la kuanzia nao ni wali wa nazi, ambao wengi tunaufanya vibaya kwa kutia tui lote mara moja. Kuna nazi, mbuzi yake na kifumbu. Chuja tui la kwanza, lile zito, uliweke pembeni. Chuja la pili na la tatu, jepesi, likichemka na chumvi ndipo utie mchele. Maji yakikaribia kukauka, mimina lile zito juu, geuza mara moja, funika, punguza moto na upalie makaa juu ya mfuniko. Anayetumia gesi aweke moto mdogo kabisa na kitambaa kisafi chini ya mfuniko, kingo zake zikunjwe juu zisifikie moto. Tui zito likitangulia linashika chini, na unabaki na ukoko unene wa kidole. Mtoto wangu wa mwisho anaupenda ukoko huo kuliko wali, lakini hiyo ni habari nyingine.

Wa pili: Kahama na Shinyanga kwa jumla

Watu wa Kyela watanisamehe. Mchele wa majaruba ya usukumani kwa kawaida unauzwa chini ya wa Mbeya, harufu yake ni ndogo, na ndiyo sababu watu wanaupita. Mimi ndio ninaoununua kwa pilau. Ni mkavu, unajaa sufuria, punje haishikani na mwenzake. Kwenye pilau kuna kitunguu kilichokaangwa mpaka kahawia, kitunguu saumu, bizari nyembamba, iliki, mdalasini, pilipili manga na supu ya nyama. Mchele wenye harufu yake utaisemea wapi?

Ndio pia wa wali wa kukaanga, na kama nyumba yako inaogopa vyakula vipya, anzia hapa. Pika mchana, tandaza kwenye sinia upoe haraka, weka kwenye friji. Usiuache mezani tangu mchana mpaka usiku, wali uliolala kwenye joto unaumiza tumbo hata ukipashwa. Jioni kaanga karoti na hoho zilizokatwa ndogo, sukuma pembeni, vunja mayai matatu, vuruga, kisha tia wali wa baridi na moto uwe mkali. Chumvi, ndimu, basi. Dakika kumi na tano tangu uwashe jiko. Ukijaribu kwa mchele mpya wa Kyela utapata donge, nimejaribu.

Wa tatu: Kyela, wa kweli

Huu nauheshimu, ila ni mchele wa sufuria nyeupe. Ukiutia iliki na mdalasini umelipia harufu kisha umeizika. Upike kwa maji, chumvi na mafuta kijiko kimoja, uupe samaki wa kupaka au dagaa wa nazi pembeni. Wenyewe kule Kyela wana mbasa wao wa ziwani. Ni laini, wazee na watoto wanaumeza bila kazi, na kwa sababu ni laini, kipimo cha maji hakina mchezo.

Umeshuka mpaka nafasi ya tatu kwa mambo mawili: bei, na uwezekano wa kulipia bei hiyo kwa kitu kingine. Kama una ndugu anayeutuma kwa basi kutoka huko huko, upandishe uwe wa kwanza.

Magugu, Ifakara na Mwea

Walio Arusha na Manyara wana Magugu, wilaya ya Babati, na hawana sababu ya kuagiza kutoka mbali: una harufu nzuri na uko karibu nao. Wa Ifakara na bonde la Kilombero upo wa kila aina, Saro nyingi ndani yake. Pima kila rundo peke yake, jina halikusaidii kitu hapa.

Kwa walio Kenya mpangilio unabadilika, pishori ya Mwea inakaa juu kabisa. Inalimwa Kirinyaga, mbegu yake hasa ni Basmati 370, na harufu yake inashindana na Supa yoyote. Tatizo ni lile lile la Kyela: wachuuzi wanaichanganya na mchele mwingine wa bei ndogo. Kipimo cha punje kiganjani kinafanya kazi Nairobi kama kinavyofanya kazi Tandale.

Basmati ya pakiti

Ya biriani. Nasema hivyo na natulia. Punje inarefuka badala ya kunenepa, na biriani inataka hivyo, mchele ukae mbali na mchuzi mzito wake, kila punje na rangi yake. Loweka nusu saa, chemsha kwenye maji mengi yenye chumvi kama unapika tambi, mwaga maji kiini kikiwa bado kidogo, kisha malizia kwa mvuke na samli na zafarani au rangi.

Angalia pakiti kama imeandikwa sella. Hiyo imechemshwa na maganda yake kabla ya kukobolewa; ina rangi ya manjano hafifu, haikatiki kirahisi, na ndiyo wapishi wa shughuli wanaipenda kwa sababu sufuria la watu mia halibondi. Kwa nyumbani inachukua muda mrefu kuiva na ladha yake si kila mtu anaipenda. Kwa wali wa nazi usitumie basmati ya aina yoyote. Tui linataka mchele wenye mwili.

Mapembe na wenzake wa kutoka nje

Zanzibar nyumba nyingi zinakula mapembe, na mpishi wa Kizanzibari atakutolea wali mzuri kwa mchele wowote ule, sibishani nao. Huko bara, mchele mweupe wa Asia usio na harufu nauchukua tu pale bei ya Mbeya inapopanda, kati ya Januari na Aprili, na naupikia nazi ili usikike.

Kuutunza

Ndoo kavu yenye mfuniko unaobana, iliyo mbali na jiko. Wakiingia fukusi usiuanike kwenye jua kali, punje zinapasuka na unajitengenezea chenga mwenyewe. Pepeta kwenye ungo, na ule mchache utakaokula wiki hiyo uweke kwenye friza siku nne. Usimwage mchele mpya juu ya masalia ya zamani, maana fukusi wa gunia la jana ndio wanaokula gunia la leo.

Wa mwisho: chenga

Nimeziweka mwisho kwa wali, lakini sikosi kilo mbili ndani. Bei yake ni ndogo na kuna vitu zinavifanya kuliko mchele mzima. Mseto wa choroko, kwa mfano, unaotaka kubondeka. Uji wa mgonjwa. Na zaidi ya yote vitumbua: loweka chenga usiku kucha, asubuhi chuja, saga na tui zito, iliki na sukari, tia hamira kijiko cha chai kwa vikombe vitatu vya mchele, acha uumuke mpaka uone mapovu, ndipo uwashe jiko la kikaango chenye vishimo. Kwa kuwa punje zimeshakatika, zinalainika mapema na blenda haikoromi. Mkate wa kumimina nao ni hivyo hivyo, ila ute wa yai unaingia na sufuria inapaliwa makaa.

Weka chombo chake peke yake na ukiandike kwa kalamu nene. Mume wangu aliwahi kuchota humo nikiwa safarini, akapikia watoto wali. Walikula kwa vijiko, kimya, na kesho yake wakanipigia simu kuuliza narudi lini.