Tufe la Mirihi: sayari imechorwa vizuri, bendera zimesema nusu

Tufe hili la sentimita 30 nimekaa nalo mezani kwa miezi mitatu, na hukumu yangu imegawanyika. Aliyeichora sayari amefanya kazi ya uangalifu mkubwa. Aliyepanga bendera za nchi juu yake amesimulia nusu ya habari. Mtengenezaji simtaji, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimeziona kwenye tufe moja tu, nalo ni langu.

Tambarare za chini za kaskazini zimepakwa buluu, nyanda za juu za kusini zikapewa rangi ya machungwa, na mlima wa Olympus Mons, wenye kimo cha kilomita 22 hivi, humvuta macho hata mtu aliyesimama mlangoni. Mhimili umeinamishwa nyuzi 25, kama ulivyo wa sayari yenyewe. Majina ni yale yaliyoidhinishwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, na humo ushirikiano wa mataifa unasomeka bila kutangazwa: korongo kuu la Valles Marineris linakumbuka chombo cha Marekani cha Mariner 9, kreta (shimo lililochimbwa na kimondo) yenye barafu karibu na ncha ya kaskazini imepewa jina la Korolev, mhandisi wa roketi wa Kisovieti, na kreta ya Jezero imeazima jina la mji mdogo wa Bosnia na Herzegovina. Maandishi ni madogo mno, kiasi kwamba bila kioo cha kukuzia sikuweza kulisoma jina la Jezero.

Nusu mbili za tufe zimeunganishwa kwenye ikweta, na ungio limepita katikati ya tambarare ya Meridiani Planum, hata herufi za jina hilo zimeachana kwa upana wa ukucha. Inasikitisha, maana hapo ndipo kigari cha Marekani cha Opportunity kilipofanya kazi kwa zaidi ya miaka 14, na si mbali na hapo ndipo Schiaparelli, chombo cha Ulaya kilichorushwa kwa roketi ya Urusi, kilipojibamiza Oktoba 2016.

Sasa bendera. Kila mahali palipotua chombo pana nukta moja na bendera moja. Nimefurahi kuikuta Mars 3 ya Wasovieti, iliyotua Desemba 1971, ikatuma ishara kwa muda usiofika nusu dakika, kisha ikanyamaza, kwa sababu ramani nyingi huiruka. Viking 2 ya Marekani ya mwaka 1976 na Zhurong, kigari cha China cha mwaka 2021, zimo katika tambarare moja ya Utopia Planitia, na kwa jinsi zilivyochorwa utadhani ni majeshi mawili yaliyopiga kambi yakitazamana. Kijitabu kinachoambatana na tufe kinakazia picha hiyo, kwani karibu chote ni jedwali la nani alimtangulia nani. Ushindani upo, sibishi. Tangu mwaka 2011 sheria ya Marekani inalizuia shirika lake la anga, NASA, kutumia fedha za serikali kushirikiana na China moja kwa moja bila idhini maalumu. Lakini kuchomeka bendera kwenye ardhi ambayo, kwa Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, haiwezi kumilikiwa na taifa lolote, kisha kijitabu kisiseme hata neno moja kuhusu mkataba huo, ni uzembe.

Nukta ya chombo cha InSight, pale kwenye tambarare ya Elysium Planitia, ina bendera ya Marekani peke yake. Kipimatetemeko cha chombo hicho kilitoka Ufaransa na kifaa cha kupima joto la ardhini kilitoka Ujerumani. Tena safari nzima iliahirishwa kutoka mwaka 2016 hadi 2018 kwa sababu kipimatetemeko kilikuwa kikivuja. Perseverance, kigari cha Marekani, nayo imebeba vipima hali ya hewa vya Uhispania na rada ya Norway.

Kilichonikera zaidi ni kwamba mawasiliano kati ya vyombo vya nchi mbalimbali hayamo kabisa. Novemba 2021 Zhurong ilijaribu kuwasiliana na Mars Express, setilaiti ya Ulaya inayoizunguka Mirihi. Kigari hicho hakikuweza kusikia masafa ya redio ambayo setilaiti hiyo hutumia kuita, kwa hiyo kilituma tu, bila kuitwa wala kujibiwa, kwa matumaini kuwa anayepita juu atasikia. Setilaiti ikasikia, ikazileta data Duniani, nazo zikakabidhiwa kwa Wachina. Nilijaribu kulichora tukio hilo kwa penseli, lakini vanishi haishiki risasi ya penseli, nikaishia kubandika uzi mwembamba kwa gundi ya karatasi.

Mwalimu mwenye kioo cha kukuzia na subira atalifaidi tufe hili, mradi asikitegemee kijitabu. Oxia Planum, ambako kigari cha Ulaya cha Rosalind Franklin kinatarajiwa kutua, pameachwa patupu. Jukwaa la kukitua lilikuwa litoke Urusi, hadi ushirikiano huo uliposimamishwa mwaka 2022. Safari ikapangwa upya kwa mwaka 2028, Marekani ikiahidi roketi. Tufe lilikuja na karatasi ya vibandiko vya ziada, kila kimoja kikiwa na bendera ya nchi moja, na kwa Oxia Planum bado sijaona cha kubandika.