Uzoefu wangu: kuhifadhi na kupimisha sarafu zilizopita motoni

Nianze na jibu, maana najua baadhi yenu mna sarafu zenye masizi mezani sasa hivi na mnataka kujua kama huduma ya kuzisafisha kitaalamu na kuzipimisha (kuthibitishwa kuwa ni halisi na kupewa daraja la ubora) inastahili pesa yake. Kwa sarafu za fedha na dhahabu, ndiyo, lipeni. Kwa shaba za bei ndogo, hapana. Na kabla ya lolote, msizisugue.

Tulikuwa tunaishi Altadena, California. Moto wa Eaton ulioanza jioni ya tarehe 7 Januari 2025 uliteketeza zaidi ya majengo 9,000, na nyumba yetu ilikuwamo. Sarafu zilikuwa ndani ya sefu: rupia za fedha za Wajerumani zenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, paisa za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, za mwaka 1299 Hijria (1882), shilingi za Afrika Mashariki, sarafu za heller 20 (chenji ya Wajerumani) za Tabora, na ile ninayoipenda kuliko zote, rupia 15 ya dhahabu ya Tabora ya 1916, yenye tembo mbele ya mlima. Hiyo ilipigwa katika karakana ya reli wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wamezibiwa njia ya bahari na hawaletewi tena sarafu kutoka kwao. Zilitengenezwa kama 16,000 tu. Baba ndiye aliyeanza mkusanyo huu alipokuwa Tanga, mimi nikauendeleza huku Marekani.

Hapa niseme kidogo kuhusu sefu, kwa sababu wengi wanaziamini kupita kiasi. Sefu nyingi za nyumbani hupimwa kwa ajili ya karatasi: joto la ndani lisizidi nyuzi 177 za Selsiasi kwa muda uliotajwa. Hati ya nyumba itasalimika kwa joto hilo. Lakini makasha ya plastiki ya sarafu zilizopimwa huanza kulegea kwenye nyuzi mia moja hivi. Tena kuta za sefu hizo hujazwa kitu chenye maji ndani yake, kikipata moto kinatoa mvuke ili kupooza. Sarafu zangu hazikuyeyuka, kwani fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962 na dhahabu 1,064. Ila zilitoka zimegandwa na plastiki, zimelowa mvuke, na masizi juu yake. Senti za Marekani zilizokuwa kwenye chupa nje ya sefu zilikuwa bonge moja tu: tangu 1982 senti hizo ni zinki iliyovikwa shaba, na zinki haifiki hata nyuzi 420.

Shangazi alinipigia simu kutoka Tanga akaniambia, "Mwanangu, chukua ndimu na majivu, zitang'aa kama masinia." Nampenda sana shangazi, na masinia yake kweli yanang'aa. Kwa sarafu, asidi ya ndimu hula ngozi ya juu ya metali ya sarafu, na majivu huacha mikwaruzo. Ukishaondoa ngozi ile hakuna fundi wa kuirudisha. Dawa za kuchovya zinazouzwa mtandaoni nazo hufanya hivyo hivyo. Zaidi ya hayo, majivu ya nyumba iliyoungua yanaweza kuwa na sumu kama madini ya risasi na asbesto. Vaeni glavu na barakoa, mfunge kila sarafu peke yake, mtume jinsi ilivyo.

Nilizituma kwenye idara ya uhifadhi ya kampuni ya upimaji. Kilichonivutia ni kwamba hawakugusa kitu kabla ya kuangalia sarafu moja moja na kunipigia simu. Yule dada aliyenihudumia alinieleza tofauti kwa subira. Uchafu uliokaa juu ya metali, kama masizi na plastiki iliyoyeyuka, mara nyingi hutolewa kwa viyeyusho visivyokula metali, kisha sarafu ikasuuzwa kwa maji yaliyokenekwa. Metali yenyewe ikishabadilika, ikavimba malengelenge au shaba ikashika kutu nyeusi ya moto, hapo hakuna la kufanya, na atakayekuahidi vingine anataka kuiharibu zaidi.

Rupia za fedha zilirudi vizuri kuliko nilivyotarajia. Mbili zilipata daraja kamili, 55 na 58 kwenye mizani ya Sheldon, inayopanga ubora wa sarafu kuanzia 1 hadi 70, 70 ikiwa bora kabisa. Nyingine zimeandikwa kwamba ni halisi lakini zina madhara ya mazingira, bila namba. Soko hushusha bei ya sarafu za namna hiyo, lakini mimi naona maandishi hayo ni ya haki: mnunuzi anajua anachonunua.

Ile ya Tabora plastiki imetoka, tembo anaonekana tena. Karibu na mkonga limebaki doa jeusi. Wakaniambia wakiendelea watakula dhahabu, kwa hiyo wameacha. Haikupata namba. Nilihuzunika, sitaficha, lakini kule kukataa kwao ndiko nilikokulipia.

Malalamiko ninayo. Sarafu zilipofika kulikuwa na ukimya mrefu, na kwa mtu aliyepoteza nyumba ukimya ule unauma. Gharama ya uhifadhi, upimaji, usafirishaji na bima ya njiani ikijumlishwa, kwa heller 20 zangu za kawaida ilizidi thamani ya sarafu zenyewe. Wangenitahadharisha mapema.

Jambo la bima: sera nyingi za bima ya nyumba Marekani huweka kikomo cha dola 200 kwa pesa na sarafu zote, mpaka uwe umeziandikisha kwa nyongeza maalumu. Piga picha pande zote mbili, nakili namba za vyeti, uviweke mbali na nyumba. Picha zangu zilikuwa kwa mdogo wangu Dar es Salaam, na ndizo zilizoonyesha sarafu ilivyokuwa kabla ya moto.

Paisa za Barghash sikuzituma. Ni shaba tupu, nimezihifadhi zilivyo kwenye karatasi isiyo na asidi. Shilingi za 1921 hadi 1946 zitaondoka mwezi ujao. Fedha yake ni robo tu, sehemu kubwa ni shaba, kwa hiyo safari hii nimeomba zichunguzwe kwanza na bei itajwe kwa kila moja kabla hazijaguswa.