Kiangazi Honolulu: Bishop Museum au Kasri la ʻIolani?

Ukiwa na siku moja tu na unataka maonyesho, nenda Bishop Museum. Charles Reed Bishop aliianzisha 1889 kwa kumbukumbu ya mkewe, Bernice Pauahi, wa ukoo wa kifalme wa Hawaii. Ukumbi mkuu una ghorofa tatu. Mifupa ya nyangumi inaning'inia juu, na chini ipo nyumba ya nyasi. Kilichonigusa zaidi ni joho la Kamehameha I, mfalme aliyeunganisha visiwa vya Hawaii, la manyoya ya manjano ya ndege mamo, ambaye ametoweka duniani.

Kasri la ʻIolani, makao ya zamani ya wafalme wa Hawaii, ni dogo kwa vitu, lakini lina uchungu wake. Malkia Liliʻuokalani, aliyepinduliwa 1893, alifungiwa humo 1895. Blanketi la viraka aliloshona kifungoni bado lipo. Lisogelee usome majina na tarehe zilizotariziwa.

Kwa sherehe, Kasri linashinda, tena kwa mbali. Msimu wa Siku ya Kamehameha, Juni 11, sanamu ya mfalme huyo iliyo ng'ambo ya barabara huvikwa mashada marefu ya maua, na gwaride huanzia jirani kuelekea Waikīkī, mtaa wa ufukweni. Kutazama gwaride hulipi kitu.